Ganda Lililokatika Rungwa: Uchambuzi wa Kisa cha Risasi za .375 Zilizojazwa Upya

Mwindaji bingwa mmoja ambaye nimemtengenezea bunduki kwa miaka mingi alinipigia simu usiku, mwezi wa Agosti, akiwa kambini katika Pori la Akiba la Rungwa. Mgeni wake, raia wa Afrika Kusini, alikuwa amekaa mezani akirekebisha darubini ya bunduki kabla ya kwenda kutafuta nyati. Risasi mbili za kwanza zilitoka vizuri. Ya tatu ilipolia, moshi ulichomoza pembeni mwa bolti, yaani kifungio cha nyuma cha bunduki, na bolti ilipofunguliwa kikatoka kitako cha ganda peke yake, kipande cha shaba chenye urefu wa sentimita moja na ushei, huku sehemu ya mbele ya ganda ikiwa imeng'ang'ania ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Mgeni alikuwa amevaa miwani, na hilo ndilo lililofanya simu ile iwe ya malalamiko tu.

"Shikamoo mzee. Boksi moja linakatika, boksi jingine haliingii. Bunduki hii imekwisha au imekuwaje?"

Nilimuuliza maana ya haliingii. Akaeleza kwamba mgeni alileta risasi za mafungu mawili, zote amezijaza mwenyewe nyumbani kwake. Za fungu la kwanza ziliingia bila shida, na ndiyo moja yake iliyokatika. Za fungu la pili zilikuwa na matatizo ya namna nyingine kabisa: bolti iligoma kushuka, na mgeni alilazimika kuikandamiza kwa kiganja. Nikamwambia wasipige risasi nyingine yoyote, wanitunzie kile kitako na maganda yote yaliyokwisha kupigwa, kila moja katika boksi lake, na wasijaribu kukitoa kipande kilichobaki kwa kukigonga kwa chuma.

Kabla sijaendelea, ni vizuri msomaji aelewe kwamba kujaza risasi upya ni jambo la kawaida kwa wawindaji wa Afrika Kusini, Marekani na nchi nyingi za Ulaya. Ganda la shaba halifi kwa mlio mmoja; linaweza kusafishwa, kubanwa lirudie umbo lake, kutiwa fataki mpya (kile kiwashio cha kitakoni), baruti na kichwa kipya, kisha likatumika tena mara kadhaa. Hapa kwetu mambo ni tofauti. Silaha na risasi zinatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na utengenezaji wa risasi si kazi ya kufanyia sebuleni bila kibali. Kwa hiyo katika kisa hiki mimi sikujaza risasi hata moja. Kazi yangu ilikuwa kupima, na kazi ya kubana maganda aliifanya mwenyewe kwao, kwa vifaa vyake.

Kabla ya kulala nilikereza kibushi cha chuma chenye tundu la milimita 10.8. Ganda la .375 H&H Magnum (hiyo ndiyo aina ya risasi ya bunduki hii) lina kipenyo cha milimita 11.38 pale bega, yaani mteremko wa kuelekea shingoni, linapoanza na milimita 10.26 hivi pale bega linapokutana na shingo, kwa hiyo tundu la 10.8 hukaa karibu na katikati ya bega. Ukikivisha kibushi hicho juu ya ganda na kupima kwa venia kutoka kitako hadi mgongo wa kibushi, unapata namba inayokuonyesha bega limesimama wapi. Kulipokucha nilipita Manyoni na Itigi, nikaingia njia ya Rungwa, na mchana nilikuwa kambini nikifukuza mbung'o kwa kofia.

Kipande kilichonasa walikuwa wamekwisha kukitoa, na kwa njia nzuri. Walichukua brashi ya kusafishia mtutu iliyo nene kuliko tundu la ganda, wakaisukuma ndani kupitia nyuma ya chemba hadi nywele zake zikapita shingo, kisha wakaivuta kurudi nyuma. Nywele zililala upande mmoja zikakishika kipande kama ndoano. Chemba haikuwa na mkwaruzo.

Mashtaka dhidi ya bunduki

Kila mtu pale kambini alikuwa na mshtakiwa wake. Mwindaji bingwa alishuku bunduki. Mgeni alilishuku joto, akidai kwamba baruti aliyoipima kwenye baridi ya kwao ilikuwa kali mno kwa jua la Manyoni. Mfuatilia nyayo, mzee aliyezaliwa maeneo hayo hayo, alisema mlio ule haukuwa mkubwa kuliko mingine bali ulikuwa mfupi, na nikaja kuona kwamba ushahidi wake ndio ulikuwa wa maana kuliko wote.

Nilianza na joto kwa sababu lilikuwa rahisi kupima. Msukumo wa gesi ukizidi, ganda huwa halifichi: kingo za fataki hulala na kujaa hadi kwenye mfuko wake, kitako hupata alama ing'aayo pale penye nafasi ya kitoa ganda, na bolti huwa nzito kunyanyuka. Fataki za maganda yote matatu, pamoja na lile lililokatika, zilikuwa na kingo za mviringo kama kawaida. Kitako kilikuwa safi. Mgeni mwenyewe alikiri kwamba bolti ilinyanyuka kwa urahisi hata katika risasi ya tatu. Nilipima pia kipenyo cha mkanda kwa maikromita na sikuona uvimbe. Baruti haikuwa na hatia.

Kisha bunduki. Hapa inabidi nieleze kidogo habari za mkanda, kwa sababu kisa chote kimejificha chini yake.

Risasi ya .375 H&H ilitolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912. Mwili wa ganda lake umechongoka kuelekea mbele na bega lake limelala, nyuzi 15 tu, na kwa sababu hiyo huteleza ndani ya chemba na kutoka bila ubishi hata kwenye joto na vumbi, jambo lililowafaa wawindaji wa Afrika na India wa zama hizo. Lakini bega lililolala namna hiyo ni kizuizi dhaifu. Risasi isipozuiwa mahali fulani, pini ya kupigia huisukuma mbele badala ya kupasua fataki. Ndiyo maana watengenezaji waliacha ukingo mnene wa shaba kuzunguka kitako, ambao ndio tunaouita mkanda, na ukingo huo hukaa kwenye ngazi ndogo iliyochongwa mlangoni mwa chemba. Risasi husimamishwa na mkanda. Bega linaweza kuwa popote.

Neno hilo la mwisho, popote, si la kutia chumvi. Kwa vipimo vya Marekani, kutoka uso wa bolti hadi kwenye ngazi ya mkanda chemba inaruhusiwa kuwa na milimita 5.59 hadi 5.77, na mkanda wa risasi wenyewe unaruhusiwa kupungua hadi kama milimita 5.38. Huo ni mwanya mdogo na unaoweza kukaguliwa. Kwa upande wa bega, mtengenezaji wa chemba na mtengenezaji wa risasi kila mmoja hujiachia nafasi ya kutosha ili risasi ya kiwanda chochote iingie katika bunduki yoyote, kwa kuwa wote wanajua kwamba mkanda utabeba kazi.

Nilitoa pini ya bolti na springi yake, nikasafisha chemba, nikaweka geji, kipande cha chuma cha kupimia mwanya huo, ya milimita 5.59. Bolti ikafunga kwa uzito wa kidole. Nikaweka geji ya 5.66, ambayo haitakiwi kufunga. Haikufunga. Kwa mujibu wa kipimo hicho bunduki ilikuwa nzima, na mwindaji bingwa alinitazama kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hana ugonjwa huku homa ikimtetemesha. Geji ilisema kweli, lakini iliulizwa habari za mkanda tu.

Fungu la kwanza

Mgeni alikuwa na maganda 40 katika fungu la kwanza, na alikuwa na daftari. Ni mtu mwangalifu, nampa haki yake. Daftari lilionyesha kwamba maganda hayo yalikuwa katika mlio wao wa tano, na kwamba kila mara yalibanwa kwa urefu wote kwa dai iliyofungwa kama karatasi ya maelekezo ilivyosema: izungushe hadi iguse kishikio cha ganda, kisha ongeza robo ya mzunguko. Dai, kwa asiyeijua, ni kalibu ya chuma kigumu yenye umbo la ganda kwa ndani. Ganda hupakwa mafuta, husukumwa ndani kwa presi, na hutoka limepungua unene na bega lake limerudishwa nyuma.

Nilichukua maganda mawili yaliyopigwa siku ile bila kukatika, nikayavisha kibushi. Namba zao zilitofautiana kwa milimita 0.02, na kile kirefu nikakifanya sifuri yangu, kwa sababu ganda lililopigwa ni sanamu ya chemba yenyewe, ukiacha kurudi nyuma kidogo kwa shaba baada ya kupoa. Halafu nikapima risasi za fungu hilo hilo ambazo hazijapigwa. Bega lilikuwa nyuma ya sifuri kwa milimita 0.60. Nilipima kumi, na zote zilikuwa kati ya 0.58 na 0.62. Dai ile ilikuwa ikifanya kazi kwa usahihi wa kupendeza, na kila mara ilikuwa ikikosea kwa kiasi kile kile.

Naomba msomaji anivumilie hapa, maana milimita 0.60 ni kama unene wa kucha na haitishi ikiandikwa. Pini inapopiga, risasi iko mbele kwa kadiri mkanda unavyoiruhusu. Gesi inapopanda, sehemu ya kwanza kutii ni kuta nyembamba za mbele, ambazo hutanuka na kuushika ukuta wa chemba kama mkono uliofumba. Kitako ni kinene, hakitanuki, na gesi inakisukuma kwenda nyuma kuelekea uso wa bolti. Kikomo cha msukumo wa risasi hii kwa vipimo vya Ulaya ni baa 4300, na ukizidisha kwa eneo la ndani la kitako unapata nguvu ya karibu tani nne. Mbele pameshikwa na nyuma panavutwa, kwa hiyo ganda hurefuka mahali pamoja tu, pale ukuta mwembamba unapokutana na unene wa kitako, milimita chache mbele ya mkanda. Bega nalo husukumwa mbele hadi likutane na bega la chemba. Urefu wote huo mpya unalipwa na shaba ya ukutani.

Nyumbani mgeni anaweka ganda kwenye dai na kulirudisha bega nyuma kwa 0.60. Shaba iliyonyumbuka pale nyuma hairudi. Msimu unaofuata ganda linarefuka tena kwa kiasi kile kile, mahali pale pale. Shaba ya maganda ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, na sifa yake kuu ni kuvutika bila kupasuka. Lakini uvumilivu wake una hesabu, na mara tano za 0.60 zilikuwa zimeimaliza.

Nilipasua ganda moja lililokuwa limekwisha kupigwa, kwa msumeno mwembamba kutoka mdomoni hadi kitakoni, kisha nikalilainisha kwa tupa na msasa. Kwa nje kulikuwa na mstari mmoja tu unaong'aa kuliko shaba ya jirani, mwembamba kama uzi, ukizunguka ganda milimita sita mbele ya mkanda. Mgeni alikuwa ameuona nyumbani na akadhani ni alama ya dai. Kwa ndani mstari huo ulikuwa mfereji. Ukuta uliokuwa na karibu milimita 0.9 upande wa juu na zaidi ya hapo upande wa chini, pale katikati ulikuwa umebaki na pungufu ya theluthi moja ya milimita. Nilimpa mwindaji bingwa nusu ile aishike mwangani. Hakusema kitu, akampa mgeni.

Ganda la pili lililopigwa halikuhitaji kupasuliwa. Nilinyoosha klipu ya karatasi, nikakunja ncha yake ikawa ndoano ndogo, nikaichonga iwe kali, na kuitumbukiza ndani ya ganda hadi chini, kisha nikaivuta polepole ikikwaruza ukuta. Kwenye ganda zima waya hupanda bila kusita. Kwenye ganda hili ulidondoka ndani ya mfereji na kukwama, na mkono ukausikia kabisa, kama ukucha unavyokwama kwenye ufa wa kikombe. Fungu zima lilikataliwa. Ule mlio mfupi alioutaja mzee ulikuwa wa gesi iliyopata mlango wa pili.

Fungu la pili

Hapo ndipo kisa kilipochukua sura ya pekee, kwa sababu fungu la pili lilijazwa na mtu aliyekuwa amekwisha kusoma habari za kukatika kwa maganda na kuogopa.

Daftari lilionyesha kwamba mwezi mmoja kabla ya safari mgeni aliamua kuyatunza maganda yake mapya yaliyopigwa mara mbili, na akainua dai kwa robo tatu ya mzunguko. Mantiki yake haikuwa mbaya: dai ikiwa juu zaidi, bega halitarudishwa nyuma sana. Skrubu za dai hizi zina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 1.81. Robo ya kwanza ya alichoinua ilimezwa na mkazo wa presi, ile robo ya ziada aliyokuwa ameambiwa aongeze. Nusu iliyobaki ilikuwa milimita 0.9 za kweli. Bega la ndani ya dai, lililokuwa likifika 0.60 nyuma ya sifuri, sasa likawa likifikia 0.30 mbele ya sifuri. Yaani halikugusa bega la ganda kamwe.

Angeligusa kidogo au asingebana mwili hata kidogo, pengine asingepata shida. Lakini mwili ulibanwa. Na hapa kuna jambo ambalo sijawahi kuona likielezwa ipasavyo kwa mtu anayeanza: ganda linapobanwa ubavuni, shaba inatafuta pa kwenda, na mahali palipo wazi ni mbele. Mtu anayekamua dawa ya meno analijua hili bila kufundishwa. Kabla dai haijalirudisha bega nyuma, kwanza hulisogeza mbele. Ukisimama katikati ya safari hiyo unapata ganda jembamba kuliko chemba lakini refu kuliko chemba.

Nilipima risasi 17 zilizokuwa zimebaki katika fungu hilo. Kumi na nne zilikuwa mbele ya sifuri kwa milimita 0.08 hadi 0.14. Bolti iliyashusha mabega hayo kwa nguvu ya kiganja, kwa sababu bega la nyuzi 15 hukaa ndani ya chemba kama kabari na ugumu huanza mapema, kisha huongezeka pole pole. Mgeni angeweza kukaa mezani akazilazimisha. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, ndani ya vichaka vya Itigi, hiyo si bunduki.

Ili nisitegemee venia peke yake niliomba maganda matupu mawili yasiyo na fataki, yaliyobanwa pamoja na fungu hilo, ambayo mgeni alikuwa amebeba kwa ajili ya vipimo. Nikayapitisha juu ya kibatari hadi yakawa meusi kwa masizi, nikayaingiza katika chemba kwa uangalifu, nikafunga bolti isiyo na pini, nikafungua. Masizi yalibaki meusi mwili mzima. Kwenye bega palikuwa na pete ya shaba inayong'aa, upana wake kama milimita moja, imeenea mzunguko wote bila kukatika. Mgeni aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha kambini, "Kwa hiyo, fundi, nimebana kidogo sana au nimebana sana?"

Lilikuwa swali zuri kuliko majibu yote niliyokuwa nimeyatoa tangu mchana. Katika fungu la kwanza alibana mno na katika fungu la pili alibana nusu, na katika yote mawili hakuwa amewahi kulipima bega. Alifuata skrubu. Karatasi ya dai haiijui bunduki yake. Iliandikwa kwa ajili ya chemba zote za dunia, na kitu pekee inachoweza kuahidi ni kwamba risasi itaingia. Kuhusu ganda litaishi mara ngapi, haina la kusema.

Nilipima pia risasi za kiwandani alizokuwa nazo mwindaji bingwa. Bega lake lilikuwa nyuma ya sifuri kwa 0.48. Hii ilimshangaza mgeni, na wasomaji wengine huenda nao wakashangaa, lakini ni kawaida kwa risasi zenye mkanda. Ganda jipya lina unene wote wa ukuta wake na linaweza kubeba mnyumbuko mmoja wa namna hiyo bila hatari. Ina maana tu kwamba hata ganda la kiwandani hutumia sehemu ya maisha yake katika mlio wa kwanza, na kwamba anayetaka kulitumia tena hana haki ya kulirudisha pale kiwanda kilipoliacha. Siku mbili baadaye mgeni aliwinda kwa risasi hizo za kiwandani, kwa bunduki ile ile.

Dai ilipofungwa upya

Sehemu hii ilifanyika Afrika Kusini, nami niliifuata kwa simu. Nilimpa kile kibushi aondoke nacho. Nilimwonya kwamba namba yake si ya kulinganisha na ya mtu mwingine: bega limelala kiasi kwamba tundu la kibushi likikosewa kwa milimita 0.05, namba inasogea karibu 0.1. Kinafaa kulinganisha ganda na ganda jingine kwa kibushi kile kile, basi.

Alianza na maganda mapya ya kundi moja, akayapiga mara moja, akapima matano kupata sifuri yake. Aliiacha dai pale juu ilipokuwa, akapaka mafuta ganda la kwanza, akalibana, akapima: mbele kwa 0.11. Akaishusha dai kwa nyuzi chache za duara na kubana tena. Alinitumia namba moja moja, na ilipendeza kuona bega likibaki mbele, likibaki mbele, kisha ghafla, pale chuma kilipoligusa, likaanza kurudi. Kwa nyuzi 14 kwa inchi, kila nyuzi kumi za duara ni milimita 0.05. Jumla aliishusha dai kiasi cha moja ya tano ya mzunguko kutoka pale juu, na bega likatua nyuma ya sifuri kwa 0.08.

Tulibishana kuhusu namba hiyo. Yeye, aliyezoea kulenga karatasi, alitaka 0.03, kwa kuwa ganda linalokaa karibu na chemba hulala katikati na hunyumbuka kidogo mno. Mimi nilitaka 0.10. Bunduki ya nyati hupakiwa haraka, chemba yake huingia vumbi, na mkono unaofunga bolti unaweza kuwa unatetemeka. Tofauti ya mnyumbuko kati ya namba zetu mbili ni sehemu ndogo ya ile 0.60 iliyomkatia ganda, lakini tofauti ya urahisi wa bolti mtu anaisikia. Tukakubaliana 0.08, na kila risasi ya kuwindia ipitishwe kwanza kwenye bunduki yake, mtutu ukielekezwa mahali salama, kabla ya kuingia katika mkoba.

Maganda yake hayakutoka sawasawa mwanzoni. Yalicheza kati ya 0.04 na 0.12, na hilo lilikuwa suala la mafuta na mkono: ganda lenye mafuta machache husuguana na dai na bega lake hubaki mbele. Alipoyapaka kwa kipimo kimoja na kuliacha kila ganda likae juu ya presi kwa sekunde mbili tatu, akaligeuza nusu na kulibana mara ya pili, tofauti ikashuka hadi 0.03. Alikuwa na nia ya kulainisha shingo na mabega kwa moto pia, ili shaba isirudi nyuma kwa viwango tofauti. Nikamwambia afanye hivyo akiwa na kifaa cha kumhakikishia kwamba joto halishuki kitakoni, kwa maana kitako laini ni hatari kubwa kuliko ile aliyoiponea.

Zimebaki zile risasi tatu. Nilisema kwamba kumi na nne kati ya kumi na saba zilikuwa ndefu. Tatu zilikuwa na bega nyuma ya sifuri, na bado bolti iliziona nzito. Mgeni alizitenganisha nyumbani, akatoa fataki, akayapaka maganda yake masizi na kunitumia picha. Pete iling'aa, lakini si kwenye bega. Ilikuwa juu kidogo tu ya mkanda, upande mmoja, ambapo shaba ilikuwa imevimba mahali ambapo mdomo wa dai haufiki kwa sababu mkanda wenyewe unauzuia. Kwa uvimbe huo hakuna namna ya kuifunga dai ya kawaida ikasaidia. Aliyakata katikati kwa msumeno ili yasirudi kwenye boksi kwa bahati mbaya.

Msimu uliofuata alirudi Rungwa na maganda yaliyokuwa katika mlio wao wa nne. Jioni ya kwanza, kabla ya chai, mwindaji bingwa alichukua klipu ya karatasi kutoka kwenye faili la vibali, akainyoosha, akaikunja ncha, akaanza kuyachokonoa maganda yaliyopigwa mchana ule, moja baada ya jingine. Waya ulipanda bila kusita.